Wimbo wa zamani unaombwa, kichekesho cha zamani kinazomewa

Msanii wa bongofleva akipanda steji akapiga ule wimbo wake wa miaka 15 iliyopita ukumbi wote unasimama, watu wanaimba naye mstari kwa mstari, kuna wanaolia kabisa, na asipoupiga wanakasirika wanasema hela yao imeliwa. Sisi wa stendapu, yani tunaosimama steji peke yetu na maiki kuchekesha watu, hiyo bahati hatuna. Rudia kichekesho cha mwezi uliopita uone, kuna mtu wa meza ya nyuma atamalizia panchi, ile sehemu ya mwisho inayochekesha, kabla yako, tena kwa sauti, na ikishatokea hivyo hakuna cha kuokoa, dakika zote zilizobaki unaongea na watu ambao wameshakaa mkao wa kusubiri uishiwe.

Na siwalaumu watazamaji hata kidogo. Wimbo unakua kadiri unavyozoeleka, kicheko kinatoka kwenye kushtukizwa. Mtu anacheka kwa sababu akili yake ilishapanda gari la Kariakoo wewe ukamshusha Ubungo, sasa mara ya pili anajua unampeleka Ubungo, atacheka nini? Ndo maana hii kazi inataka vitu vipya kila siku kuliko sanaa nyingine karibu zote ninazozijua, na ndo maana wengi tunaanza kwa kishindo, mwaka wa kwanza moto, wa pili unaanza kusikia watu wanasema "jamaa siku hizi kaisha".

Mimi napanda steji hapa Dar na pia nawaandikia wenzangu wawili watatu, kwa hiyo hili suala nalilalia na kuliamkia. Vijana wananiuliza sana inboksi, kaka unatoa wapi vitu vipya kila wiki. Jibu la kweli ni kwamba kila wiki HAITOKI, na anayewaambia inatoka anawadanganya au anaokota vya wenzake.

Tuangalie hesabu kwanza. George Carlin wa Marekani, mmoja wa wakubwa kabisa kuwahi kushika maiki, alirekodi shoo zake za televisheni ya HBO mara 14 kati ya mwaka 1977 na 2008. Gawanya uone. Ni zaidi ya miaka miwili kwa kila shoo, na shoo yenyewe ni kama saa moja, na huyo ni mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa hiyo, anatembea na vikaratasi, anaandika, anapanga, anazunguka majimbo mwaka mzima akiijaribu saa hiyo hiyo moja. Halafu kijana wa Mbagala mwenye kazi ya dukani mchana tunamtaka kila Jumamosi aje na dakika kumi mpya, na Jumatatu awe na klipu, na Alhamisi awe na klipu nyingine. Jamani.

Zamani huo mzigo haukuwa hivi. Wale waliokulia miaka ya themanini na tisini wanayakumbuka makundi kama Muungano Cultural Troupe, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya marehemu Kapteni John Komba, unalipa kiingilio kimoja unapata ngoma, sarakasi, taarab, igizo na vichekesho, mpaka usiku mwingi. Makundi yale yalikuwa yanasafiri. Kichekesho kikichoka Temeke kinakuwa kipya Tabora, kikichoka Tabora kinakuwa kipya Songea, na huko njiani kinazidi kunolewa kwa sababu mchekeshaji anakirudia mbele ya watu tofauti kila usiku, anaona wapi wanacheka wapi wananyamaza, anakata hapa anaongeza pale, akirudi Dar kile kitu kimeshakuwa chuma. Hakuna aliyekuwa na simu ya kukirekodi akakitangulizia Songea kabla basi la kundi halijatoka stendi.

Marekani nao walipitia hayo hayo mapema zaidi. Mchekeshaji Bob Hope alianzia kwenye kumbi za maonesho mchanganyiko miaka ya ishirini, kule dakika zako chache ukizipata zinakulisha muda mrefu maana unazunguka nazo mji hadi mji. Mwaka 1938 akaingia kwenye shoo ya redio ya kila wiki iliyodhaminiwa na dawa ya meno ya Pepsodent, na redio ukishasema usiku mmoja nchi nzima imeshasikia, kesho huna kitu. Akafanyaje? Akaajiri waandishi, kundi zima la waandishi, na kila walichomwandikia akakihifadhi. Faili lake la vichekesho sasa hivi liko maktaba ya Bunge la Marekani, kurasa zaidi ya 85,000. Nikifikiria ile namba naheshimu sana, coz inaonesha hata mtu maarufu kiasi kile hakuwa anasubiri imshukie kichwani, alijenga kiwanda.

Halafu kuna waliotoka kwa njia nyingine kabisa, njia ya wahusika, na huku kwetu ndo imefanya kazi kuliko zote. Vitimbi, igizo la vichekesho la televisheni ya KBC Kenya, ilikaa hewani miaka na miaka kwa sababu watu walikuwa wanamfuata Mzee Ojwang', wanataka kuona yeye na Mama Kayai, mke wake wa kwenye igizo, wiki hii wamegombania nini. Marehemu Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang' mpaka watu wakasahau jina lake la nyumbani, hakuhitaji kubuni dunia mpya kila wiki, alihitaji kuuliza tu mzee wa aina ile akiletewa mgeni asiyemtaka atafanyaje, akidaiwa atafanyaje. Mhusika akishaeleweka anakuandikia mwenyewe. Kundi la Ze Comedy kule televisheni ya EATV, ambao baadaye walienda TBC1 wakajiita Ze Orijino Komedi, nao kila mmoja alikuwa na wahusika wake, Joti peke yake alikuwa na familia nzima mwilini, bibi yumo, mtoto yumo. Kwenye stendapu hiyo ngao hakuna, umesimama wewe kama wewe na jina lako.

Sasa simu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pananiuma.

Kuna kitu nilikuwa nakifanya steji ambacho nilikipenda sana. Kinatokana na jambo nililoliona kwa macho yangu kwenye daladala ya Gongo la Mboto. Bibi mmoja, mtu mzima sana, nauli yake ameifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili juu ya fundo, konda kasimama mbele yake mkono umenyooka anasubiri, na bibi anafungua taratibu kama vile gari zima ni sebule yake. Konda akachoka akasema "bibi lete nikusaidie". Bibi akamwangalia juu mpaka chini. Akamwambia hili fundo limewashinda wanangu saba, ndo utalifungua wewe, konda wa leo asubuhi?

Gari zima lilikufa kwa kicheko, na konda mwenyewe akacheka akasema haya bibi wewe shuka bure.

Nilivyokipeleka steji mara ya kwanza kilibuma. Kabisa. Watu walitabasamu kiheshima. Nikawa nakirudia kwenye vikumbi vidogo, wiki hadi wiki, na nikaanza kuona tatizo liko wapi. Kwanza nilikuwa naeleza sana, nasema bibi zetu jamani wana tabia ya kuficha hela, namfundisha mtu kitu anachokijua tangu anazaliwa, nikatoa. Pili, mwanzoni nilikuwa nasema "wewe konda wa leo asubuhi ndo utalifungua?", yani kile chenye utamu kiko katikati na mwisho kuna "utalifungua" ambayo haichekeshi mtu. Nikageuza, "konda wa leo asubuhi" ikaenda mwisho kabisa, afu nikawa nanyamaza. Hapo ndo ikaanza kupiga. Tatu niligundua watu wanataka kumuona konda kabla hajaongea, ule mkono ulionyooka, kwa hiyo nikawa nasimama na mkono hivyo muda mrefu bila kusema neno na kicheko kinaanza hata kabla ya bibi kufungua mdomo. Hayo yote ni ya kukaa nayo, hayaji mezani ukiwa na kalamu, yanakuja mbele ya watu.

Ilipoiva, mtazamaji mmoja akairekodi yote mwanzo mpaka mwisho akaitupa TikTok, na sina ugomvi naye maana aliandika "huyu jamaa ni hatari" na emoji tatu za moto, alikuwa ananisifia. Ila shoo iliyofuata nilivyonyoosha tu ule mkono, mtu akapiga kelele "KONDA WA LEO ASUBUHI!" na watu wakamcheka yeye. Nikakiweka chini mpaka leo, na ndo maana naweza kukiandika hapa, hakina cha kupoteza tena. Kazi ya muda wote ule, ikaisha usiku mmoja.

Na tatizo halipo kwa mashabiki peke yao, sisi wenyewe tunajimaliza. Promota kabla hajakupa nafasi anauliza una folowazi wangapi. Folowazi wanataka kontenti. Kontenti unaitoa wapi? Unakata zile dakika zako nzuri unazipost, zinafanya vizuri, unapata folowazi, promota anakuita, unafika ukumbini na watu walionunua tiketi kwa ajili ya ile klipu hawataki tena kuisikia ile klipu. Umeshakula mbegu, shamba lenyewe hujalima.

Hapo ndo mtu anaanza kukimbilia vile vyungu vya wote. Mpare bahili, Mhaya na kujisikia, Mchaga na hela, Msukuma kaja mjini, mke na simu ya mume, konda na chenji. Au anasubiri kiongozi ateleze ulimi bungeni, na jioni hiyo hiyo kila mchekeshaji nchi nzima ana kichekesho kimoja, kile kile, tofauti ni shati tu. Siwakatai watani wetu, utani wa makabila ni mali yetu na nimecheka nao tangu mtoto. Ninachosema ni kwamba chungu kikishakombwa na kila mtu, chakula kinachobaki ni ukoko.

Na hapa nataka kusema kitu ambacho nakiamini sana, kwamba upya hautokani na mada mpya. Mada hazijawahi kuwa nyingi, ni mapenzi, hela, wazazi, kifo, jirani, basi. Upya unatoka kwenye ukaribu. Umesogea kiasi gani mpaka umeona kitu ambacho mwingine aliyekuwa kwenye gari hilo hilo hakukiona.

Aliyenifundisha hili si mchekeshaji wa steji. Ni mtani kwenye msiba. Waliokulia kwenye familia ambazo utani bado unaheshimiwa wanajua, watani wana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo, wanavaa nguo za marehemu, wanamuigiza, wengine wanazuia mazishi mpaka walipwe, na hakuna wa kuwakasirikia. Kwenye msiba wa baba yangu mdogo alikuja mtani mmoja mama wa makamo, kavaa koti la marehemu na kofia yake, katoka nje ya nyumba, kafunga mlango kwa kufuli, akaondoka hatua chache, akarudi kulitikisa lile kufuli, akaondoka, akarudi tena, akaondoka mpaka kwenye mwembe, akasimama, akatuangalia, akarudi kulitikisa tena. Hakusema neno hata moja. Baba mdogo alikuwa hivyo hivyo, kila siku ya maisha yake, na mimi niliyekaa naye nyumba moja nilikuwa sijawahi kukiona mpaka siku ile. Mke wake aliyekuwa analia tangu usiku alicheka mpaka wakamshika, akawa anacheka na kulia kwa pamoja, na watu wote pale turubaini hivyo hivyo.

Yule mama hakuwa na muda wa kuandika. Amepigiwa simu kuna msiba, kapanda gari kaja. Na kwa msiba wa kesho yake atatakiwa awe na kingine, hawezi kuleta kufuli la baba mdogo kwenye msiba wa mtu mwingine, haitamaanisha kitu. Na bado hakauki miaka yote hiyo kwa sababu hatoi kichwani, anatoa kwa marehemu mwenyewe, na kila marehemu ana kufuli lake.

Tangu hapo nilibadilisha ninavyoandika notsi. Siandiki vichekesho tena. Naandika nilichokiona na maneno yenyewe yaliyosemwa, vile vile yalivyosemwa, maana ukiyanyoosha ukiwa na haraka unayaua, mtu akisema "sisi kwetu hela haikai inapita kusalimia" iandike hivyo hivyo usiigeuze kuwa "watu wa kule hawajui kutunza fedha". Wakati mwingine narekodi kwa sauti nikiwa natembea, kisha usiku nahamisha kwenye daftari. Vingi havina maana na vitabaki hapo. Ila ile siku ambayo kichwa ni jangwa, na siku hizo zipo nyingi tu, sianzi kwenye ukurasa mweupe, nafungua daftari nasoma vya miaka ya nyuma na mara nyingi kitu ambacho hakikuwa na mwisho kinapata mwisho kwa sababu maisha yameongeza kipande kilichokuwa kinakosekana.

Phyllis Diller, mchekeshaji wa Marekani, ndo malkia wa hili jambo. Alianza stendapu mwaka 1955 akiwa na miaka 37 na watoto watano nyumbani, na katika maisha yake akajaza kabati la chuma lenye vidroo vingi kwa kadi za vichekesho, kila kadi na kichekesho chake, zimepangwa kwa mada. Zaidi ya 50,000. Lile kabati liko kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Mama wa watoto watano. Nikisikia mtu anasema sina muda wa kuandika namkumbuka.

Cha pili kinachosaidia ni chumba kidogo. Chris Rock wa Marekani na jina lake lote kabla ya shoo kubwa anaingia vilabu vidogo bila kutangazwa, na karatasi mkononi, anajaribu vitu ambavyo vingine vinabuma vibaya mbele ya watu kidogo. Kenya, mchekeshaji Churchill alikuwa na usiku wa Churchill Raw pembeni ya shoo yenyewe kubwa, na ukitazama wachekeshaji Kenya waliotoka mikononi mwake utaelewa kwanini ule usiku ulikuwa muhimu. Hapa Dar tumepiga hatua kubwa, shoo ya Cheka Tu ya Coy Mzungu imewaonesha watu kwamba stendapu inajaza ukumbi, nani angeamini zamani. Kinachotupungukia sasa ni vile vyumba vya chini, vya watu thelathini arobaini, kiingilio cha soda, ambapo mtu anaruhusiwa kubuma.

Na simu zikae nje. Hili nawaomba mapromota kwa moyo wote. Dave Chappelle, mchekeshaji mwingine wa Marekani, tangu mwaka 2015 watu wake wanaingia ukumbini na simu zimefungwa kwenye vifuko vya Yondr, unakaa na simu yako lakini hufungui mpaka utoke. Sisi hatuhitaji vifuko vya gharama, bahasha na namba inatosha, wanaume wetu wanaacha pikipiki kwa mlinzi wasiyemjua sembuse simu kwa dada wa mlangoni mwenye daftari. Mtazamaji naye atafaidi, maana atakuja shoo inayofuata na kitu kitakuwa bado kinamshtua.

Kuna kijana ameniambia sawa kaka, wewe una jina, mimi nisipopost nani atanijua. Ana haki, na sitaki nimjibu kirahisi. Ninachomwambia ni atenganishe. Wachekeshaji wengi Marekani siku hizi wanapost zile sehemu wanazoongea na watazamaji tu, umetoka wapi, huyo uliyekaa naye ni nani yako, kile kitu kimezaliwa usiku ule na hakiwezi kurudiwa hata ungetaka, kwa hiyo ukikitupa mtandaoni hujapoteza akiba. Watu wanaona unavyofikiri haraka, wanakuja ukumbini, na zile dakika zako ulizozifuga hawajazionja. Au tengeneza vya simu kwa ajili ya simu, mhusika wako mmoja wa kwenye klipu ambaye steji hapandi. Wawili tumeshaanza kufanya hivyo, mwenzangu ana fundi wake wa friji ambaye watu wanamdai kila siku, na steji hajawahi kumtaja. Kama kuna mwenye chumba cha watu arobaini maeneo ya Kinondoni au Sinza, siku za katikati ya wiki, kisicho na mziki wa jirani, naomba anitafute, viti tutakuja navyo.